Chapa ya Ganda Shingoni mwa Alfredi

Paulina hakuwa na mume. Hakuwa na shamba ambalo shemeji zake hawakuligombea. Hakuwa na cheo kiwandani, wala kiti chenye mgongo, wala glavu zisizotoboka. Hakuwa na ndugu polisi, hakuwa na ndugu halmashauri. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Na tangu Jumatano, siku aliyomtoa mtoto wa dada yake ghalani akitetemeka, hakuwa tena na usingizi wala huruma.

Ndiye huyo tuliyemwacha, msomaji, akiwa ameishika leso iliyofungwa shingoni mwa msimamizi wa kiwanda, mbele ya wabanguaji wote na mbele ya tajiri mwenyewe.

Aliivuta.

Leso ikaanguka sakafuni kwenye vumbi la maganda. Shingo ya Alfredi ikabaki wazi. Chini kidogo ya sikio la kushoto palikuwa na doa jeusi lililoumuka, ukubwa wa kidole gumba, limepinda kama figo ya mbuzi. Kingo zake zilikuwa zimejichora vizuri kuliko muhuri wa ofisi ya kijiji.

"Mama yangu!" mtu akapiga kelele nyuma. "Korosho hiyo!"

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, mambo yenyewe ni haya. Yuliana, binti mzima, kiziwi tangu kuzaliwa, alikutwa amefungiwa kwa nje katika ghala la korosho ghafi hapa Newala, blauzi imechanika begani. Msimamizi Alfredi akatangaza amekamata mwizi. Alisema alimwona binti kwa mbali akijaza korosho kwenye kanga, akafunga mlango, akaita watu. Ndani hakuingia. Kumgusa hakumgusa. Leo, Jumamosi, mwenye kiwanda amekuja kumfukuza Yuliana hadharani.

"Nimeungua na bomba la pikipiki," Alfredi alisema haraka, mkono shingoni.

Faudhia wa meza ya kwanza, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo, akainua kichwa.

"Pikipiki gani hiyo, bosi, yenye bomba la kufika shingoni? Au siku hiyo wewe ndiye uliyeibeba?"

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Kimya!"

Aliyenguruma ni Mzee Bartholomayo, mwenye kiwanda, tajiri wa Masasi. Alimtazama Paulina, Mama Gasper kama wote walivyomwita, kuanzia kandambili hadi kilemba.

"Mama Gasper, umemvua mkubwa wako mbele ya watu. Una sababu, au niwafukuze wote wawili, wewe na huyo kiziwi wako?"

"Shikamoo, mzee," alisema Paulina.

"Marahaba. Nimesema sababu."

"Mzee, wewe umezaliwa Lupaso. Ulipokuwa mdogo wenzako hawakuwahi kukupiga chapa?"

Vidole vya Mzee Bartholomayo vilikwenda vyenyewe kwenye mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, vikapapasa kitu chini ya shati.

Kila aliyekulia huku anaujua mchezo huo. Mtoto anaikata korosho mbichi katikati, anaugandamiza upande mmoja kwenye ngozi ya mwenzake, wanacheka, wanaachana. Saa ile haiumi. Kesho yake ngozi inawasha, inaumuka, inakuwa nyeusi. Mama akiona anachapa wote wawili, na alama inabaki hapo miezi.

Alfredi hakukulia huku. Aliletwa kutoka mjini kusimamia watu, na tangu afike hajawahi kubangua korosho hata moja.

"Korosho za mezani kwetu zimekwisha pikwa kwa mvuke, mzee," Paulina aliendelea. "Zinatubabua vidole, lakini hazichapi hivi. Inayochapa hivi ni mbichi, iliyokatwa saa ileile. Na mbichi ziko ghalani tu, na ufunguo wa ghala anao mtu mmoja tu."

"Uongo!" alifoka Alfredi. "Ufunguo ni wangu, lakini ndani sikuingia!"

Paulina akageuka. Alimtazama Yuliana, akagusa pindo la kanga yake mwenyewe.

Yuliana akaelewa. Akasogea mbele ya watu wote, akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa vipande viwili vya korosho moja iliyokatwa katikati. Ganda lilikuwa na kipengo kidogo upande wa mgongo, mahali mdudu alipotoboa ikiwa bado mtini.

Alimsogelea Alfredi. Alfredi akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa mashine.

"Tulia, bosi," alisema Faudhia. "Ni korosho tu. Wewe si msimamizi wa korosho?"

Yuliana akainua kipande kimoja sambamba na shingo, pasipo kugusa. Umbo na umbo. Mkunjo na mkunjo. Na pale ganda lilipokuwa na kipengo, doa nalo lilikuwa na kipengo.

Hakuna aliyecheka sasa.

Kisha Yuliana akasema. Alisema kwa mikono, na hakuhitaji mkalimani. Alikunja kidole: *njoo*. Akaonyesha kisu cha kukatia sampuli, zile korosho chache zinazopasuliwa kupima ubora wa gunia, kikipanda na kushuka. Akazungusha ufunguo hewani. Akaziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja, akaivuta blauzi yake pale begani iliposhonwa upya. Halafu akaonyesha mkono wake wa kulia ukipanda, na ganda likigandamizwa, likigandamizwa, mpaka mtu yule akaachia.

Wanawake wawili wa meza ya nyuma waliinamisha vichwa. Paulina aliwaona. Akajua kwa nini mmoja wao aliacha zamu ya jioni ghafla mwaka jana bila kueleza.

"Huyu ataonyesha lolote mnalomfundisha!" alisema Alfredi, sauti imepanda. "Mmemfundisha!"

"Na ganda nalo nimelifundisha?" aliuliza Paulina.

Mzee Bartholomayo aliokota leso, akamtupia Alfredi.

"Wote mezani. Mama Gasper, njoo ofisini na binti yako."

*

Mlango ulipofungwa, mzee alikaa akijipapasa palepale juu ya kiwiko.

"Nimeona," alisema hatimaye. "Mimi si mjinga. Korosho haisemi uongo."

Paulina aliona ameshinda.

"Alfredi hataonekana tena hapa. Yuliana anabaki na kazi yake. Meza zote zitapata glavu mpya. Na jambo hili limekwisha humu ndani."

"Polisi, mzee?"

"Nimesema limekwisha."

"Na yeye anakwenda wapi?"

Mzee alipanga kalamu mezani, ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Jumatatu anaanza kule kiwanda changu cha Masasi."

"Kusimamia nini?"

"Chumba cha kuchambulia."

Paulina alikijua chumba hicho. Nchi nzima ilikuwa imekisifu redioni. Humo Mzee Bartholomayo aliwaajiri viziwi, wenye miguu iliyopooza, wenye macho hafifu, akapigwa picha akiwa katikati yao anatabasamu.

"Mzee! Chumba kile wamo watu wasioweza hata kupiga kelele!"

"Nina mkataba wa kupeleka mzigo. Nahitaji msimamizi, na huyu kazi anaijua."

"Kazi gani anaijua? Ya kukata sampuli ghalani?"

Mzee akasimama. Upole wote ulimtoka.

"Sikiliza, Mama Gasper. Neno hili likisikika nje ya ukuta, nafunga milango. Halafu wanawake wote wa vijiji vya Makote na Chilangala wanaopata chumvi yao hapa watauliza ni mdomo wa nani umewakosesha. Utawajibu wewe."

Yuliana alikuwa akiangalia midomo yao, mmoja baada ya mwingine. Hakuhitaji kusikia.

*

Uani, kwenye pipa la maji, Alfredi alikuwa akijisugua kwa sabuni. Maji yaliyopandishwa kutoka bondeni kwa gari, ambayo wanawake hunywa kwa kipimo, aliyamwaga kama ya mvua. Shavu lake lilikuwa limevimba. Kope la jicho moja lilianza kuvimba pia.

Paulina akasimama kumtazama. Aliona mara moja kosa lake. Alikuwa amejifuta shingo kwa leso, kisha kwa leso hiyohiyo akajifuta uso, kisha akaifunga tena shingoni. Kila mbanguaji anajua: mafuta ya ganda yakishakugusa, usiguse popote kabla ya kujipaka majivu. Huyu alikuwa amejipaka mwenyewe, kwa mikono yake, siku baada ya siku.

"Mama Gasper." Alikuwa ameshaona hakuna mtu mwingine karibu, akalainika. "Nakuomba. Inawaka. Ninyi mnapaka nini?"

"Kwanza twende polisi ukaseme ulikoyatoa. Nikitoka huko nakupaka mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Mwambie basi huyu mtoto anisamehe. Nilikuwa namtania."

"Alicheka?"

Alfredi akatabasamu upande mmoja, kwa sababu upande wa pili ulikuwa umekaza.

"Unadhani umeshinda, mama? Jumatatu niko Masasi. Na Masasi viziwi ni wengi."

Kisu cha kubandulia kilikuwa mfukoni mwa aproni ya Paulina. Mkono wake ulikwishakishika kabla yeye hajaamua. Aliiona shingo ile, doa lile, na mahali pa kuchoma palikuwa pamekwisha chorwa. Hatua moja tu.

Mkono mwingine ukaushika wake. Ulikuwa wa Yuliana, na ulikuwa na nguvu.

Binti alitikisa kichwa. Akaelekeza kidole kwenye doa. Akagusa macho yake. Akazungusha mkono mpana, kama anayewakusanya watu wote wa dunia: *waone*. Kisha akaonyesha upande ambako mabasi hushuka kwenda Masasi.

Paulina akakiachia kisu. Akacheka, pengo lake likaonekana lote.

"Kajioshe, bosi," alisema. "Osha sana."

*

Mchana uleule mjomba Filemoni, kaka mkubwa wa akina Paulina na mwenye sauti juu ya watoto wote wa dada zake, aliwaongoza hadi kituoni. Askari wa kike aliandika yote. Alimpa Yuliana nafasi ya kuonyesha kwa mikono mpaka akamaliza, hakumharakisha. Akavitia vile vipande viwili kwenye mfuko wa ushahidi, akatia saini.

"Faili limefunguliwa, mama. Tutamkamata."

"Lini?"

"Askari wengi wako kwenye mnada wa korosho. Wakirudi katikati ya wiki, jambo la kwanza ni hili."

"Jumatatu asubuhi anakabidhiwa chumba cha viziwi."

Askari aliuma kalamu. "Nitasukuma, mama. Lakini nisikudanganye."

Njiani mjomba Filemoni alikuwa anatembea haraka, fimbo inapiga ardhi.

"Mimi ningemngoja barabarani. Mimi, kwa umri wangu huu."

"Wangekufunga wewe, kaka, halafu yeye wangemtibu."

"Basi mpigie simu yule rafiki yako wa Masasi, aliye chumba kilekile. Yule wa baiskeli ya magurudumu matatu."

"Winfrida." Paulina alisimama. "Kaka, chumba kile wengi ni viziwi. Winfrida peke yake akisikia, wao watajuaje? Simu itabebaje umbo la ganda?"

"Na kiwanda kikifungwa? Wanawake wenzako?"

Swali hilo alikuwa nalo tangu ofisini. Jioni alilipeleka kwa wenyewe, bombani, wakiwa kwenye foleni ya ndoo. Aliwaambia tisho la tajiri neno kwa neno, hakulipunguza.

Mwanamke mmoja wa Chilangala, mwenye watoto wengi kuliko ndoo zake, alianza kulia. Ndiye yuleyule aliyeinamisha kichwa. Ndiye aliyeacha zamu ya jioni.

"Andika," alisema. "Kiwanda kikifungwa nitalima. Andika, Mama Gasper, na jina langu litie."

"Na langu," alisema Faudhia. "Litangulie, maana mimi nimekwisha mtania, kazi sina tena."

*

Jumapili asubuhi Paulina aliketi na kalamu. Mwandiko wake aliupata ukubwani, kwenye darasa la jioni la watu wazima, na hadi leo kila herufi aliisimamisha wima. Aliandika hivi:

*Mpendwa Winfrida, salamu nyingi. Sisi wabanguaji wa Newala ni wazima isipokuwa mmoja aliyeumizwa, naye anasimama.*

*Jumatatu mtaletewa msimamizi, jina lake Alfredi. Mtamjua kwa shingo. Chini ya sikio la kushoto ana chapa ya korosho mbichi, umbo la ganda nililoweka humu. Aliipata ghalani, akiwa amemfungia mlango kiziwi wetu, Yuliana. Yuliana ndiye aliyempiga chapa. Na si Yuliana peke yake aliyeitwa ghalani.*

*Ganda hili lipitishe mkono kwa mkono, kila mmoja alione, asiyeona vizuri alipapase. Usilishike kwa kidole kitupu.*

*Akimwita mmoja, inukeni wote. Akisema sampuli ikakatwe, nendeni chumba kizima mkakate. Mlango asiufunge kamwe. Asiyesikia akae karibu na anayesikia, asiyetembea akae karibu na anayetembea.*

*Ataomba dawa, maana uso unamwaka. Majivu mnayo. Msimpe mpaka aseme mbele yenu wote alikopigwa chapa hiyo. Akisema, muiteni mwenye kiwanda asikie, muwaite na polisi. Faili lake tayari lipo.*

*Tumeambiwa tukisema tutafukuzwa. Tumesema.*

Chini wakatia majina yao, Faudhia wa kwanza. Yuliana hakuandika jina. Alichukua korosho mbichi mpya iliyofanana na ile ya kwanza, akaikata kwa pigo moja, akatoboa kipengo mgongoni kwa ncha ya kisu. Akaifunga nusu moja kwenye kipande cha gazeti, akaitia ndani ya bahasha kwa mkono wake.

Gundi dukani haikuwapo. Paulina alibandua utomvu uliokauka kwenye shina la mkorosho nyuma ya nyumba, akaulowesha, akaupaka kwenye mdomo wa bahasha. Akaugandamiza kwa kiganja na uzito wake wote, kama anayemgandamiza mtu. Ulishika. Barua ile isingefunguka ila kwa kuchanwa.

Kituo cha mabasi kilikuwa kimejaa watu waliotoka ibadani. Basi la Masasi lilikuwa limekwisha washwa, linatetemeka. Kondakta, kijana wa Makote ambaye Paulina alimfahamu tangu akiwa tumboni, alikuwa mlangoni na tiketi mdomoni na kuku wawili mkononi.

"Shikamoo, Mama Gasper."

"Marahaba. Baba, hii umpe Winfrida mkononi, kule kiwandani Masasi. Mkononi, umesikia? Usimwachie mlinzi."

"Nimesikia, mama. Haitapotea."

Akaipokea. Kuku mmoja akachomoka. Kondakta akageuka ndani haraka, akamwinamia abiria wa kiti cha mbele.

"Bosi, nishikie hii mara moja nimkamate huyu."

Abiria akanyoosha mkono bila kutazama. Alikuwa amevaa miwani ya jua. Shavu lake lilikuwa kama andazi. Shingoni alikuwa na leso.

Paulina alinyoosha mkono kuidai bahasha, lakini mlango ulikuwa umekwisha fungwa. Yuliana, kando yake, alimkamata kiwiko.

Basi likaanza kuondoka. Kupitia kioo walimwona Alfredi ameishika bahasha kwenye uvimbe wa katikati, pale lilipokaa ganda. Doa la kahawia lilikuwa limeanza kupenya karatasi, likitambaa taratibu chini ya kidole chake gumba. Alihisi unyevu. Akakitazama kidole, akakunja uso, akavuta leso shingoni, akakifuta vizuri.

Kisha, kwa leso hiyohiyo, akajifuta jicho ambalo lilikuwa bado zima, akaigeuza bahasha, na akaanza kusoma jina lililoandikwa juu yake.